Jiko Lisilopitisha Upepo

Kila fundi ujenzi ana adui yake. Wapo wanaochukia mvua, wapo wanaochukia mwenye nyumba anayeweka kiti mbele ya kazi na kushinda akiwatolea macho. Mimi nilichukia mwanya. Nikiona mwanga unapenya kati ya bati na ukuta, hata kama nyumba ni ya mtu mwingine na nimekaribishwa chai tu, vidole vilikuwa vinaniwasha. Kwetu ni Mbulu, upande wa Nambis, huko juu ambako upepo wa mwezi wa saba unavuka makoti mawili na kukukuta ndani. Kwa hiyo hakuna aliyeuona ugonjwa wangu huo kuwa ugonjwa. Waliuita ufundi.

Jiko nililokulia lilikuwa la miti na udongo, paa la nyasi, halina dirisha. Mafiga matatu yalikaa katikati, na juu yake dari ya fito ambako mahindi yalilala kuanzia mavuno mpaka mavuno, yakifukizwa asubuhi na jioni ili dumuzi wasiyaguse. Moshi haukuwa na mlango wake. Ulipanda, ukazunguka kwenye mahindi, kisha ukajipenyeza taratibu kwenye nyasi. Ukisimama ng'ambo ya bonde asubuhi, uliona mapaa yote ya kijiji yanafuka kila mahali, kama migongo ya ng'ombe walionyeshewa na sasa wamepata jua. Nilikuwa nasimama pale na ndoo yangu, nimesahau kilichonipeleka mtoni, naduwaa. Nilichapwa kwa ajili hiyo zaidi ya mara moja.

Moshi kwetu ulikuwa pia salamu. Nyumba ambayo haijatoa moshi mpaka ng'ombe wanatoka zizini, jirani atatuma mtu aulize kuna nini. Ama kuna mgonjwa, ama kuna msiba, ama mama wa nyumba amerudi kwao. Mama yangu hakuwahi kuulizwa. Moto wake ulikuwa haulali, na alijivunia jambo hilo kuliko hata ng'ombe zake. Baba alishafariki tukiwa wadogo, na nadhani alitaka watu wa ng'ambo waone kila asubuhi kwamba nyumba ile bado ina mtu.

Nilijifunza ujenzi miaka ile biashara ilipofunguliwa na madukani vitu vikaanza kumwagika. Misumari, rangi, bati za migongo mipana, vyote vilikuwa Dongobesh na Katesh kwenye maduka ya watu binafsi, na mkulima aliyeuza vitunguu au ng'ombe wawili alirudi nyumbani na bati begani. Halafu tukapewa mkoa wetu wa Manyara, Babati ikawa makao makuu, na mafundi tukaanza kugombaniwa kama maharusi. Nilifanya kazi huko misimu miwili mfululizo. Kichwa kilivimba, sikatai. Nilirudi Nambis nikiwa na bati za kutosha, simenti, na nia moja tu: kumjengea mama jiko.

Nililijenga kwa mikono yangu, sikumwachia mtu hata msumari mmoja. Ukuta wa tofali za kuchoma, kenchi za paa za mkaratusi uliokauka vizuri, bati mpya zinazong'aa mpaka mtu akiwa Masieda, kijiji cha mbali, nilisema kwa majigambo, angeweza kunyolea ndevu. Dari ya mahindi nikaijenga upya, imara, pana kuliko ile ya zamani. Dirisha niliweka moja dogo, la ubao, maana mama alisema dirisha ni la kuingizia baridi. Kisha nikafanya kile nilichokipenda kuliko vyote. Nilipanda ngazi na udongo uliochanganywa na samadi, nikaziba nafasi yote kati ya ukuta na bati, pande nne, kidole kwa kidole. Nilipomaliza nilifunga mlango nikasimama ndani gizani. Sikuona hata uzi wa mwanga.

Mama alipiga vigelegele. Majirani walikuja, wakakaa ndani, wakanywa uji, wakasifu joto. Mchungaji alikuja akaliombea. Mzee mmoja wa jirani aligonga ukuta kwa fimbo yake akasema, "Hapa hata upepo ukitaka kuingia utapiga hodi." Nilicheka mpaka nikatokwa machozi, na macho ya wenzangu wote yalikuwa yanatoka machozi pia, lakini hayo yalikuwa ya moshi. Hakuna aliyesema chochote. Moshi jikoni, nani angeusemea?

Kuni zilishaanza kuwa taabu. Msitu wa juu ulikuwa unalindwa, na miti ya mashambani ilikuwa ya kuhesabika, hivyo mama alichoma magunzi, mabua, na matawi mabichi ya miti tuliyopanda wenyewe. Vitu hivyo haviwaki, vinafuka. Chini ya nyasi vilikuwa vinafuka na kutoka. Chini ya bati zangu vilifuka na kukaa.

Msimu wa pili wa jiko jipya, nilikuja likizo fupi kutoka Babati nikamkuta mama amebadilika mwendo. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwepesi, wa kupanda kilima akiwa na mzigo mgongoni huku anasimulia. Sasa alipanda kimya. Siku moja nilimfuata kwa nyuma kutoka mtoni, akasimama katikati ya njia, akashika mti.

"Mama, vipi?"

"Naangalia maharage ya jirani," alisema. "Yamestawi."

Niliangalia. Shamba lile lilikuwa limeshavunwa, lina ng'ombe tu.

Baadaye dada yangu ndiye aliyenieleza. Mama alikuwa anabanwa kifua akipanda, na akikaa kidogo kinaachia. Alikuwa amemkataza dada asiniambie, maana nitaacha kazi ya watu Babati. Tukakaa sisi watoto, tukashauriana kwa busara zetu. Tuliona ni baridi. Mtu amezeeka, ameingiwa na baridi kifuani, basi apumzike palipo na joto. Tukamtandikia ngozi na magodoro jikoni, karibu na mafiga, tukamwambia asitoke asubuhi mpaka jua liwe limekolea. Dada akawa anakoka moto mkubwa. Na mimi, kabla sijaondoka, nikaona mwanga chini ya mlango, upana wa vidole viwili. Nikakata mpira wa tairi la ndani la baiskeli, nikaupigilia misumari kwenye ubao wa chini wa mlango, ukawa unafagia sakafu ukifungwa. Niliondoka nikiwa na amani kabisa.

Hilo la mpira silisahau. Mengine naweza kusema kila mtu wa kwetu angefanya vilevile. Ule mpira ulikuwa wazo langu.

Hakukuwa na simu kijijini wakati ule, kwa hiyo habari zilinifikia kwa kondakta wa basi. Mama alikuwa ameanguka akipura maharage uani. Hakuzimia, lakini alikuwa amekaa chini ghafla, mkono kifuani, jasho linamtoka kwenye baridi, na maneno hayatoki. Nilifika kesho yake. Kesho kutwa tukapanda basi la Haydom, ambako kuna hospitali, pamoja na wagonjwa wengine waliojazana na mablanketi yao na kuku wawili ambao sikujua ni wa nani. Mama alikaa dirishani. Nilikuwa namwangalia midomo, maana ilikuwa na rangi ya zambarau mbivu, na sikujua rangi hiyo inamaanisha nini ila niliogopa.

Daktari aliyetupokea alikuwa mtu wa makamo, mpole, mwenye sauti ya chini. Kiswahili cha mama ni cha kuungaunga, kwa hiyo muuguzi mmoja wa upande wetu alikaa naye akamtafsiria kwa Kiiraqw. Walimpima presha mara tatu, mikono yote miwili. Walimtoa damu. Kisha tukaingizwa kwenye chumba chenye pazia, kuna mashine yenye kioo kama cha televisheni, na daktari akampaka mama dawa ya ute kifuani na kumpitishia kitu mfano wa kipande cha sabuni.

Na hapo nikauona moyo wa mama yangu.

Sijui nieleze vipi. Nimesimama juu ya kenchi za ghorofa, nimeuona mlima Hanang' ukitoka mawinguni asubuhi mpaka nikashuka ngazi bila kujua, lakini sijawahi kukodoa macho kama siku ile. Kilikuwa kitu cha kijivu ndani ya giza, kinafumba na kufumbua. Ndani yake kulikuwa na vijimlango, na vijimlango vile vilikuwa vinafunguka na kufunga vyenyewe. Mimi ni mtu wa milango. Najua mlango mzuri ukitumika sana unachoka bawaba baada ya miaka michache. Hii ilikuwa inafunguka tangu kabla mama hajazaliwa.

"Ndio huo?" mama aliuliza kwa Kiiraqw, amegeuza shingo.

"Ndiyo," muuguzi akamjibu.

"Na nikilala?"

"Ukilala moyo unafanya kazi. Haujapumzika hata siku moja."

Mama akasema polepole, "Mimi nilidhani ni mimi ndiye ninayefanya kazi katika nyumba ile." Muuguzi alicheka, akamtafsiria daktari, daktari naye akacheka, lakini mama hakuwa anatania. Machozi yalikuwa yanamtiririka kwenda masikioni na alikuwa haondoi macho kwenye kioo. Alisema neno la Kiiraqw ambalo sisi tunalitumia kanisani tu.

Majibu ya damu yalitoka siku iliyofuata. Daktari alituita ofisini, mama, mimi na yule muuguzi. Alisema presha iko juu, na mishipa inayoulisha moyo wenyewe imekuwa myembamba, ndiyo maana ukipanda mlima moyo unalia njaa. Alisema damu ina lehemu mbaya nyingi kupita kiasi. Nilimwuliza lehemu ni nini. Akasema ni aina ya mafuta yaliyomo ndani ya damu, mengine yana kazi yake na ni mazuri, mengine yakizidi yanaganda kwenye kuta za mishipa.

Nilikataa pale pale. Nina mdomo, nakiri. "Daktari, shikamoo tena, lakini hapo mmekosea chupa. Huyu mama ni mwembamba. Nyama anakula Krismasi. Ugonjwa wa mafuta ni wa wenye vitambi, wa Babati huko, nimewajengea nyumba nawajua."

Hakukasirika. Alisema wembamba haumkingi mtu, kwamba kuna umri, kuna kurithi, kuna presha, na kwamba mara nyingi mambo haya yanashikana mikono. Kisha akamwuliza mama kama anavuta sigara au ugoro. Mama aliona hilo kama tusi, akajifunga vizuri kanga.

"Unapikia wapi?" daktari akauliza.

Swali hilo nililijibu mimi, kabla muuguzi hajafungua mdomo. Nilimweleza jiko langu. Nilimweleza kenchi, bati, udongo wa kuziba pande nne, dirisha dogo lisilofunguliwa, mahindi darini, moto wa magunzi, na kwamba tangu augue tunamlaza mle mle kwenye joto. Nilimweleza hata mpira wa mlangoni. "Upepo hauingii kabisa, daktari," nilisema. "Nimejenga mwenyewe."

Aliweka kalamu mezani. Aliniangalia kwa muda, na kwa jinsi alivyoniangalia, kwa huruma, nilianza kuelewa kabla hajasema.

Alieleza taratibu, akisubiri muuguzi. Alisema moshi tunaoujua ni ule unaouma macho, lakini ndani yake kuna vumbi lingine dogo sana, dogo kuliko unga wowote unaosagwa na mashine, jicho halilioni. Hilo halikomei mapafuni. Linafika mpaka mwisho wa pumzi, na lile dogo kuliko yote linavuka na kuingia kwenye damu. Likiwa kwenye damu linazunguka kila mahali damu inakokwenda. Kuta za mishipa zinachubuka na kuvimba kwa ndani. Yale mafuta mabaya yanaharibika na kunata kwenye michubuko, na yale mazuri ambayo kazi yake ni kufagia yanadhoofika. Mwaka baada ya mwaka njia inakuwa nyembamba. "Sisemi ni moshi peke yake," alisema. "Siwezi kukupimia kwamba huu ni wa moshi na huu ni wa umri. Lakini mtu mwenye moyo huu, kulala ndani ya moshi, hapana. Hapana kabisa."

Mimi nilikuwa nimebaki pale kwenye kuvuka. Kwamba kitu ulichokivuta puani ukiwa unageuza ugali kinaweza kuwa ndani ya moyo wako. Nilikuwa nimeishi miaka yote nikidhani kuna nje na kuna ndani, na ngozi ndiyo ukuta. Fundi mzima, sikujua kwamba mtu hana ukuta wa namna hiyo. Nilijihisi mdogo sana kwenye kile kiti.

Mama alikuwa ameinamisha kichwa. Alikuwa mtengeneza samli maarufu kwetu, watu walitoka mbali kuifuata. Aliinua uso akamwambia muuguzi neno moja, muuguzi akageuka kwa daktari: "Anasema, yanachacha."

"Nini?"

"Hayo mafuta. Samli ukiiacha wazi kwenye moshi na joto inachacha, inanata kwenye kibuyu, haioshekani. Anauliza kama ni hivyo."

Daktari alikaa nyuma kwenye kiti chake. "Mwambie," alisema, "kwamba ni hivyo, na kwamba mimi nilihitaji miaka mingi chuoni kulielewa jambo hilo."

Tulirudi na mfuko wa vidonge na maagizo. Kwenye basi, njia nzima mpaka karibu na Dongobesh, nilikuwa nauona ule mpira. Mwisho nikamwambia, "Mama, ni mimi."

Alikuwa anatazama nje. "Wewe ulijenga," alisema. "Mimi nikawasha. Dada yako akachochea. Mchungaji akaombea. Tuwashtaki wote?" Akanipa chungwa alilokuwa amelinunua kwa ajili ya njaa ya safari, nikalimenya kwa sababu mikono ilihitaji kazi. Nililia huku namenya, na abiria wa jirani aliona lakini akageukia upande wake, Mungu ambariki.

Kesho yake asubuhi niliweka ngazi. Kubomoa kazi yako mwenyewe mbele ya majirani waliokuja kuisifu ni adhabu ambayo sikuwa nimewahi kuisikia. Niligonga udongo wa kuziba ukaanguka vipande vipande. Niling'oa bati mbili za juu. Jua liliingia mle ndani kwa mara ya kwanza tangu nilijenge, na sisi tuliokuwa mlangoni tukainua macho. Bati nilizosema zinang'aa zilikuwa nyeusi tii, na masizi yalikuwa yananing'inia kwenye kenchi kama nyuzi za sufu. Tofali hazikuonekana ni tofali. Nilikwangua ukuta mmoja tu kwa panga, karai likajaa. Misimu miwili na ushee, na karai limejaa kutoka ukuta mmoja.

Mama alichota masizi kidogo kwa vidole, akayasugua. Yalikuwa laini, yanateleza, yana mafuta. Aliangalia vidole vyake, kisha akaangalia kifua chake, kisha akaenda kunawa, akanawa muda mrefu kuliko inavyohitajika kwa masizi.

Lakini nilipomwambia nataka kutoa moto nje kabisa, chini ya kibanda cha wazi, tuligombana. Nilimwona mama yangu mwenye hasira kwa mara ya kwanza tangu augue, na nusu yangu ilifurahi. Mahindi ya darini je, yaliwe na dumuzi? Na watu wa ng'ambo wataona nini asubuhi, nyumba baridi isiyo na moshi, kama ya mtu aliyekufa? "Bado sijafa," alisema. "Unanizika mapema wewe."

Suala la mahindi tulilimaliza kwa magunia na dawa ya unga kutoka dukani, ingawa aliitilia shaka mpaka mwisho. Moshi ndio ulionisumbua. Siku mbili nilizunguka lile jiko nikipima kwa macho, mimi niliyejua kuziba tu. Mwisho nikajenga jiko la udongo la kuinuliwa, lenye mdomo mmoja wa kuni na mashimo mawili ya sufuria, nikaliegemeza ukutani, na kutoka mgongoni mwake nikapandisha dohani ya tofali mpaka juu ya paa. Pande zote za juu ya ukuta nikaacha wazi, kiganja kizima. Nilipokuwa naziacha wazi vidole vilikuwa vinaniwasha. Nikaviacha viwashe.

Mama aliwasha moto kwa mikono yake. Mwanzoni moshi ulirudi ndani, akakohoa, akanitazama kwa namna ya kusema umeona. Kisha dohani ikapata moto, na moshi ukaondoka. Ulivutwa mle ndani kama mtu anayeitwa na akaitika. Tukatoka nje kuangalia. Juu ya paa ulikuwa umesimama mmoja, mnene, wima, unapanda moja kwa moja kwenye anga la asubuhi, na haukuanza kutawanyika mpaka juu kabisa ya miti. Hakuna nyumba bonde lote iliyokuwa na moshi unaoonekana namna ile. Mama alisimama na mkono kiunoni.

"Wa ng'ambo wanauona huu?" aliuliza.

"Wa Masieda wanauona," nilisema.

Akaingia ndani kupika.

Hakupona kama mtu anavyopona malaria. Mishipa iliyokwisha kuziba haikuzibuka, daktari alituambia ukweli huo, na vidonge alivimeza kila siku ya maisha yake. Lakini kile kifua kilimwachia nafasi. Aliishi baada ya hapo miaka ambayo sikuthubutu kuiomba. Baada ya muda watu waliniita kwenda kuwajengea dohani, wengine kwa ajili ya kifua, wengine, nawajua, kwa sababu tu walitaka moshi wao usimame kama wa mama. Sikuwauliza sababu.

Mke wangu alipojifungua mtoto wetu wa kwanza ilikuwa katikati ya baridi kali, na tulimleta Nambis kwa mama kama desturi inavyotaka. Kwetu mzazi anafungiwa ndani na mtoto. Haonekani, mlango haufunguliwi ovyo, na moto unawekwa ndani ya chumba kile mchana na usiku ili baridi isimguse yeyote. Mama ndiye aliyekuwa msimamizi wa mambo hayo kwa ukoo mzima. Sikumbuki aliwahi kuruhusu mtu alegeze hata kidogo, na wanawake waliojaribu walikiona.

Wakunga na shangazi walishatangulia. Nilipofika mlangoni, jiko la mkaa lilikuwa miguuni mwa kitanda, limejaa, linawaka vizuri na vijiti vibichi vimewekwa juu ili lidumu. Madirisha yalikuwa yamezibwa kwa matambara. Mimi mwanamume sikupaswa kusema lolote mle ndani, na kwa kweli niliogopa, kwa sababu baridi ya kwetu inaua watoto, hilo halina ubishi.

Mama aliingia, akapita kati ya shangazi bila kuwasalimia. Alikaa kitandani, akamfunua mtoto kifua, akaweka kiganja chake chote juu yake. Alikaa hivyo mpaka shangazi wakaanza kuangaliana. Nilimwona uso wake. Ulikuwa ule uso wa Haydom, mbele ya kioo.

"Tieni maji ya moto kwenye chupa, zifungeni kwa nguo," aliwaambia. "Leteni blanketi zangu zote. Mtoto akae kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi."

"Na moto?" shangazi mmoja akauliza, kama mtu asiyeamini anachosikia. "Dada, desturi..."

"Desturi naijua. Nimewafundisha mimi." Hakuondoa kiganja. Aligeuza kichwa akanitafuta mlangoni.

"Njoo utoe hili jiko," aliniambia. "Kwa moyo wangu sikujua. Kwa huu najua."

Niliingia, nikalishika kwa vishikio vyote viwili likiwa bado linawaka, nikatoka nalo nje.